Mimea Iliyotutoroka Kitaluni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jembe dogo la mkono na tuta moja la kupalilia. Nilikuwa binti mwenye miaka kumi na tisa, nimetoka Mgwashi, kijiji cha juu upande wa Bumbuli, na kitalu cha miti pale Lushoto nilikuwa nimekiona mara moja tu, siku niliyopeleka barua ya maombi. Kitalu ni mahali pa kulelea miche mpaka ipate nguvu ya kwenda shambani. Mkuu wa pale tulimwita Bwana Msimamizi, mzee mwembamba wa Kisambaa aliyevaa koti la mvua hata siku za jua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha tuta, akaniambia nitoe magugu, kisha akaingia ofisini.

Nilipalilia kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Kwenye tuta kulikuwa na vimche vyembamba vya kusikitisha, na katikati yake mimea minene yenye majani ya kung'aa. Nikaamua kwamba iliyonenepa ndiyo mali ya kitalu. Nikang'oa ile iliyokonda, nikailaza vizuri kando ya njia, halafu nikaimwagilia maji ile iliyonona. Bwana Msimamizi aliporudi alitazama tuta, kisha ile miche iliyolala kando ya njia. Wenzangu wawili waliokuwa wakichekecha udongo waliinamisha vichwa, lakini mabega yao yalitikisika.

"Esta," akasema, "wageni wangu umewatoa nje, na wezi umewakaribisha chai."

Sikufukuzwa. Alichuchumaa pamoja nami tukairudisha ile miche ardhini mmoja mmoja, na mingi ilipona. Huku tukifanya kazi hiyo alinieleza kwamba gugu si ukoo wa mmea. Gugu ni mmea wowote ulioota mahali ambapo hautakiwi. Hindi likiota katikati ya miche ya miti, siku hiyo hindi ni gugu. Kisha akanipeleka kwenye uzio, akanionyesha kichaka kilichokuwa ng'ambo, akaniuliza nani alikipanda. Nilijibu kwamba kile ni pori, kimejiotea chenyewe. Akatikisa kichwa. Alisema nusu ya vile nilivyoviona pale ni watoto wa kitalu chetu: mbegu zilizopeperushwa na upepo, zilizoliwa na ndege, zilizobebwa na maji ya mvua au kwenye nyayo za viatu vyetu. Mimea ya namna hiyo aliiita watoro. Nami nimelitumia jina hilo maisha yangu yote, ingawa baadaye nilijifunza majina marefu zaidi.

Ninyi vijana mnaokuta miche imepangwa kwa laini na maji yanatoka kwenye mpira hamwezi kujua tulivyofanya. Kwanza tulisia, yaani tulimwaga mbegu kwa wingi kwenye tuta lenye udongo laini, tukazifunika kwa nyasi. Zikichipua na kutoa majani mawili ya kweli, tulizihamishia kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya nailoni, kila mche na nyumba yake. Mwisho kulikuwa na kuzoesha: tuliondoa kivuli kidogo kidogo, tukapunguza maji, ili mche usije ukashtuka ukifika mlimani. Bwana Msimamizi alisema mche uliodekezwa hufa wiki ya kwanza. Alikuwa na daftari lenye jina la kila mbegu na mahali ilikotoka, na mwisho wa kila mstari kulikuwa na swali aliloliandika kwa mkono wake: "Imeonekana nje ya uzio?" Wakati ule hakuna aliyemwagiza kuuliza hivyo. Sisi tuliona ni kichekesho cha mzee.

Karibu na bomba la kitalu kulikuwa na maua ambayo sikuwa nimepata kuona mfano wake. Majani yalifanana na ya tangawizi, yamesimama kufikia kifua cha mtu, na juu yake yalikaa maua meupe kama vipepeo, yenye harufu iliyokufuata mpaka ofisini. Yaliletwa zamani kutoka Asia kwa ajili ya urembo tu. Tuliyaita maua ya bomba. Nilipopata likizo yangu ya kwanza nilitaka kumpelekea mama kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine wa Mgwashi aliyekuwa nacho. Nikachimba kipande cha tunguu lake, ule mzizi wa chini kama wa tangawizi, kinene kama kidole gumba, nikakifunga kwenye kitenge chenye unyevu. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliona kipande kidogo hivyo hakina neno.

Mama alikipanda uani, kikanyauka kwa kukosa maji. Basi akakihamishia chini, kando ya chemchemi tuliyoteka maji. Hapo kilipona. Mwaka uliofuata kilichanua, na wanawake waliokwenda kuteka maji wakawa wanakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama aliyapa jina, maua ya Esta. Kila aliyeomba alikatiwa kipande. Katika barua alizomwandikisha mjomba Yona, kaka yake, habari za maua zilitangulia habari za ng'ombe.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa mashariki, karibu na Bulwa, mahali mashamba ya chai yanapokutana na msitu. Mkuu wetu huko alikuwa Bwana Misitu, mtu mrefu mwenye maneno machache, ambaye alikuwa anatembea mlimani kwa kasi iliyotufanya tumchukie kila asubuhi na kumheshimu kila jioni. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu watoro. Tulinyoosha kamba msituni, tukapita kando yake, na kila baada ya hatua fulani tuliweka fremu ya mbao chini, tukaandika kila mche uliokuwa ndani yake. Kazi ile ilikuwa ya kuchosha kama kuchambua choroko, nami niliipenda kupita kiasi.

Mtoro mkubwa wa huko ulikuwa mti tuliouita msizi. Ulipandwa na watu wa zamani kuziba mapengo palipokatwa mbao, kwa sababu unakua haraka. Kwenye mistari waliyoipanda hatukuwa na shida nao. Shida ilikuwa hondohondo, wale ndege wakubwa wenye mdomo kama pembe, wanaopiga mbawa kwa kishindo. Hondohondo alipenda tunda la msizi kuliko kitu chochote, akala, akaruka bonde zima, akaziacha mbegu kila pembe ya msitu. Siku moja tulisimama kando ya mti wa asili uliokwisha kuanguka, tukakuta misizi midogo imejaa kwenye mwanga ulioingia pengoni kama watu kwenye foleni. Bwana Misitu aliniuliza nani aliipanda. Nikasema hakuna.

"Hapo ndipo penye matatizo," akasema. "Kitu ambacho hakuna aliyekipanda, hakuna anayejiona anawajibika kukitoa."

Alinifundisha kwamba mmea hautoroki kwa siku moja. Kwanza unaletwa, na mtu anaulea. Halafu unaota hatua chache nje ya bustani, watu wanafurahi. Kisha unazaa huko nje bila msaada wa mtu. Mwisho unawafukuza wenyeji. Alisema hatua tatu za kwanza zinaweza kuchukua miaka mingi sana, ya nne ikaja kama mvua ya ghafla, na kwamba wageni walio wengi hawafiki huko. Mahindi na viazi mviringo vyote vilikuja, navyo vinatulisha bila kumsumbua mtu. Alipenda pia kunikumbusha kwamba safari hizi ni za kwenda na kurudi. Lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yetu yenye kivuli, tunaloliita dughulushi, lilichukuliwa kutoka milima hii, na sasa limekaa madirishani kwa watu wa nchi za baridi. "Huko linalala ndani ya nyumba," alisema. "Huku kwetu wageni wanalala popote."

Ilikuwa katika matembezi hayo tulipoteremka kwenye kijito kimoja kilichopita chini ya shamba la zamani. Harufu niliisikia kabla ya kuona. Kijito kizima, toka ukingo mmoja mpaka wa pili, kilikuwa kimefunikwa na majani ya tangawizi na maua meupe. Maji hayakuonekana. Bwana Misitu alichoma panga ardhini, likagonga matunguu yaliyofumana kama mkeka mnene, na maji yakichuruzika kwa tabu chini yake. Alianza kunieleza kwamba kipande kidogo tu cha tunguu kinatosha kuanzisha ukoo mpya, lakini aliponitazama usoni akakatiza maelezo. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ninaomba ruhusa ya siku kadhaa niende nyumbani.

Nilifika Mgwashi siku ya pili saa nane mchana. Maua niliyaona kutoka barabarani: ukanda wa kijani ulioanza chemchemini na kuteremka bondeni mpaka usawa wa msikiti. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Baada ya shikamoo na habari za safari alinieleza, kama jambo la kawaida, kwamba siku hizi maji yamekuwa machache na yana matope, na watu wa bondeni wanasema watu wa juu wameyageuza ili wamwagilie kabichi. Mzee Athumani, mkulima wa vitunguu ambaye alikuwa kama msemaji wa watu wa bondeni, na mjomba Yona walikuwa wamenyimana salamu. Kwa anayetujua sisi Wasambaa, hilo si dogo. Watu wawili wanaopishana njiani bila salamu wako hatua moja tu kabla ya kupelekana barazani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameitisha mkutano kesho yake.

Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza mama kila kitu. Aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza.

"Utasimama mbele ya watu useme mama yako ameharibu maji?" aliniuliza.

"Nitasema mimi ndiye niliyeyaleta."

"Ni kitu kimoja," akasema. "Yana jina lako, na nimeyagawa kwa mkono wangu."

Akachukua kiazi kingine akakimenya. Nilijua hakuwa na hasira ya maji. Alikuwa mwanamke mjane ambaye watu walikuja kumwomba kitu, na kitu hicho kilikuwa kizuri, na kilitoka kwa binti yake. Sasa nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba kila aliyempa amempa tatizo. Nilitamani nirudi Bulwa usiku ule ule, nikaandike mistari yangu ya misizi ambayo haikuwa na jamaa yangu yeyote ndani yake.

Mkutanoni watu wa juu walikaa upande mmoja na wa bondeni upande mwingine, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama alikaa mbele, ametazama mikono yake. Mwenyekiti alipotoa nafasi ya kuzungumza nilisimama, nikawaamkia wazee, nikasema nina habari za maji. Nilieleza nilivyochimba kile kipande bila ruhusa, na nilivyoona kijito cha Bulwa kilivyozibwa. Nikasema chini ya yale maua kuna matunguu mengi kiasi kwamba maji hayana njia, na maji mengine yanapotelea chini kwa chini.

Mzee Athumani alisimama taratibu. "Kwa hiyo hakuna aliyegeuza maji?"

"Hakuna, baba. Ni maua."

Akageuka akamtazama mjomba Yona. "Shemeji," akasema, maana mke wake alikuwa wa ukoo wa mjomba, "tumenyimana salamu mwaka mzima kwa sababu ya maua."

Mjomba alitaka kubaki na uso wake wa hasira, akashindwa. Cheko lilianzia kwa wanawake wa nyuma, likaenda mbele, mpaka mwenyekiti mwenyewe akafuta macho. Sikucheka, na mama hakucheka, lakini niliona mabega yake yameshuka. Kisha Mzee Athumani akauliza swali la maana zaidi: tufanyeje.

Hapo kazi niliyofundishwa ilinifaa. Niliwaambia waache mapanga nyumbani, kwa sababu ukikata kwa panga mmea hucheka na kutoa machipukizi mawili. Lazima tunguu lichimbwe kwa jembe, lote, na kila kipande kitolewe kwenye unyevu kipelekwe juu ya mwamba mkavu, kikaushwe kwa jua, ndipo kichomwe. Tulichagua Jumamosi, kwa sababu Ijumaa ni ya msikiti na Jumapili ni ya kanisa. Tulianzia juu na kushuka, ili maji yasituletee vipande tulikokwisha kusafisha. Nilimwandikia Bwana Misitu kuomba siku zaidi, akanijibu kwa mstari mmoja: nibaki mpaka watu wajue kufanya bila mimi.

Mama hakuja Jumamosi ya kwanza, wala ya pili. Alituma chai na viazi vitamu kwa wachimbaji na kukaa nyumbani. Jumamosi ya tatu alishuka na jembe begani, akawapita watu wote akiwasalimu, onga maundo, onga maundo, akasimama kwenye shina kubwa lililokuwa kando kabisa ya chemchemi. "Hili nililipanda mimi," akasema. "Ninyi msiliguse." Alilichimba peke yake tangu jua la asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Lilipong'oka, maji yalitoka chini yake kwa mkupuo, ya matope kwanza, halafu meupe. Alinawa mikono humo, akanawa uso, akaniambia twende tukale.

Tulihitaji misimu mitatu ya mvua kuyamaliza kabisa, maana kila vuli ilitufufulia vichipukizi vichache. Lakini maji yalirudi bondeni msimu ule wa kwanza, na Jumamosi za kuchimba ziliwazoeza watu kuonana. Mjomba Yona na Mzee Athumani waliishia kulima kitunguu kwa shirika. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna mgeni aliyekuja na mche asiyehojiwa naye kama karani wa forodha.

Niliporudi Bulwa, Bwana Misitu aliuliza neno moja tu: "Umeandika?" Nilikuwa sijaandika. Akanipa karatasi. Ilikuwa ripoti yangu ya kwanza, na kwenye sehemu ya chanzo cha kutoroka kwa mmea niliandika jina langu kamili. Aliisoma akiwa amesimama, akasema wengi huandika pale neno "haijulikani". Miezi michache baadaye aliniandikia barua ya kwenda chuo cha misitu. Sikuambiwa kwa nini nilichaguliwa, wala sikuuliza.

Kazi yangu ya mwisho na ndefu kuliko zote ilikuwa Soni, kama afisa ugani, yaani yule anayetembelea wakulima kuwashauri. Waliniita Bibi Miti. Soni ilinifundisha kutokuwa mkali kupita kiasi. Pale barabarani utakuta akina mama wanauza matunda damu, mapera na karakara, na mengi yamechumwa kwenye vichaka ambavyo hakuna aliyevipanda. Nao ni watoro, lakini ni watoro waliosomesha watoto. Niliwashauri wachume yote wasiyaache yadondoke, na kila nilipopita nilinunua. Ofisa mmoja aliyetoka makao makuu alitaka tuandike kwenye mwongozo wa wakulima kwamba kila mmea wa kigeni ung'olewe. Nilimkaribisha chakula cha mchana, mahindi ya kuchemsha, maharage na parachichi, na alipokuwa ameshiba nikamwomba aniambie kipi kati ya hivyo ni cha asili ya milima hii. Alicheka, akaifuta ile sentensi.

Nilichojifunza mimi ni kidogo, na ninawaachia ninyi mnaoanza. Kabla ya kupanda, uliza mbegu inasafiri kwa njia gani, na nani anaipenda, ndege au maji. Tembea nje ya uzio wako mara kwa mara. Ukikuta umekosea, sema mapema wakati bado kipande ni kidogo, maana aibu ya asubuhi ni nyepesi kuliko ya jioni. Na msiichukie mimea. Haina nia mbaya hata kidogo. Inafanya tu kile ambacho tungekifanya sisi tukifunguliwa mlango.

Siku ya kustaafu kwangu, Mkuu wa Ofisi, kijana mpole ambaye naye ni binti wa mkulima, alinikabidhi zawadi ya wafanyakazi wote: mche wa maua ya rangi ya machungwa kwenye chungu kizuri, umenunuliwa mjini. Nilishukuru, kisha nikamuuliza unaitwaje. Hakujua. Nikauliza mbegu zake husambaaje. Akaona aibu, ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote.

Mche huo uko barazani kwangu mpaka leo, ndani ya chungu chake, juu ya jiwe. Ni mzuri kweli. Ukichanua nautazama wiki nzima, halafu maua yakianza kusinyaa nayakata kabla hayajafunga mbegu. Jirani yangu ameniomba kichipukizi mara nne. Nimemwambia asubiri kwanza nimjue huyu mgeni ni wa namna gani. Anawaambia watu kwamba Bibi Miti amezeeka amekuwa mchoyo, na mimi nikisikia hivyo namchemshia chai, tunakaa barazani wote wawili, tunayatazama maua yale.